Siku Tuliyomsindikiza Babu Kwenye Theluji

Koti la Bibi lilinuka dawa ya nondo. Mama alilinunua duka la mitumba pale Guildford, mtaa wa Sydney tunakoishi, majira ya baridi ya mwaka ule korona ilipoingia, na harufu yake ikajaa ndani ya gari tangu tulipotoka nyumbani hadi tulipoanza kuona milima. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja Sydney kututembelea kutoka Lushoto, akikusudia kukaa miezi michache tu. Mipaka ikafungwa akiwa kwetu. Ndege zikakatika, na kabla hazijarudi, Babu akaugua ghafla kule nyumbani akafariki. Wahenga husema milima haikutani, binadamu hukutana. Mwaka ule binadamu nao walikuwa milima.

Tulizika kwa simu. Baba aliiegemeza kwenye kopo la sukari, tukajibana mezani kutazama picha iliyokuwa ikiganda kila mara: jeneza likiwa mlangoni, kisha ghafla udongo mbichi na maua. Nyumba haikuruhusiwa kujaa watu, kwa hiyo Watanzania wenzetu walituachia masufuria ya pilau barazani, wakatupungia mkono kutoka barabarani. Tangu siku hiyo Bibi, mtu wa hadithi na masengenyo matamu, alinyamaza. Alikaa dirishani na kanga yake magotini. Ukimwamkia aliitikia, ukimwekea chakula alikidonoa. Baba, aliyekuwa akiendesha lori la makontena katika bandari ya Port Botany, alirudi kila jioni, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, binti yake mkubwa wa miaka kumi na minne. Nami nilitikisa kichwa: bado.

Masharti ya kusafiri ndani ya jimbo yalipolegezwa, Baba akaomba likizo. Wenzake kazini walikuwa wamemsimulia bonde moja la mbali, kusini, lenye vijiji viwili milimani na njia tambarare kati yao kandokando ya mto.

"Mama yangu ni mtu wa milimani," alimwambia Mama. "Huenda akiona mlima atapumua."

"Na akiteleza kwenye barafu, dada zako nitawaambia nini?" Mama aliuliza. Alikuwa muuguzi mtaa wa Liverpool, hapo hapo Sydney, na magoti ya Bibi yalimtia wasiwasi kuliko ya mgonjwa yeyote.

"Nitamshika mwenyewe."

Nakumbuka tulivyoshuka garini, hewa ikakata pua kama kitunguu. Mikaratusi ilisimama na magome yake ya rangi ya asali na kijivu, matawi yameinama kwa theluji. Bibi alijifunga kanga juu ya koti, akachota theluji, akainusa, akailamba. Eliya, mdogo wangu wa miaka saba, alimuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama ilikuwa tamu. Bibi alielewa lile swali hata bila kujua Kiingereza. "Unga wa muhogo," alisema, "ila haushibishi." Hayo yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote ya wiki nzima. Tukaenda taratibu, kwani mwenda pole hajikwai, Baba akimshika mkono, mto ukinong'ona chini ya barafu upande wa kulia.

Katikati ya njia Bibi akasimama.

"Hata kwetu ni hivi," alisema. "Jeneza hutoka kijijini kwetu, hufuata mto, hadi makaburini kijiji cha pili. Watu wote walimsindikiza baba yako. Mimi peke yangu sikumsindikiza."

Mama, yule yule wa wasiwasi wa magoti, ndiye aliyejibu. "Basi tumsindikize sasa, Mama. Tangulia, sisi tuko nyuma yako."

Bibi akauachia mkono wa Baba. Akatangulia peke yake, akaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti nyembamba iliyopanda kadiri alivyokwenda. Baba akashika sauti ya chini, ikamkatika, akaishika tena. Mimi nilijua nusu ya maneno. Eliya hakujua hata moja, akafuatisha sauti tu. Wazungu wawili wazee walikuwa wakija mbele yetu. Walipotuona wakatoka njiani, wakaingia kwenye theluji ya magotini, wakavua kofia, wakasimama hivyo mpaka tukapita.

Tulipofika kijiji cha pili, Bibi alichota theluji akaidondosha polepole ardhini. "Pumzika, Baba Yoeli," alisema, akimwita Babu kwa jina la mwanawe, baba yangu. Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa nina njaa."

Mama akacheka huku akilia. Tulinunua chipsi kwenye dirisha la mkahawa, na Bibi akamsuta Baba kwa kumlisha mama yake viazi visivyo na chumvi. Alizungumza njia nzima hadi Sydney.

Siku hizi msiba ukitokea kwetu Sydney, nyumba hufurika: viti vya kuazima hadi uani, watoto wakikimbizana, Wakenya na Wakongo wakigombea mwiko jikoni. Vijana hulalamikia kelele. Mimi huzipenda, maana najua kimya cha mwaka ule. Bibi alirudi Lushoto njia zilipofunguka. Nilipomtembelea mwaka jana alinipeleka kaburini, na jirani mmoja alipoanza kulia kwamba Bibi hakuwahi kumzika mumewe, Bibi akamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Mume wangu nilimzika mwenyewe, nikiwa na wanangu. Leo nimemletea mjukuu wake amwamkie."