Kunguni wa Kitanda cha Nyanya

Enzi zetu, mtoto wa Mji wa Kale aliyelala usiku kucha bila kujikuna alikuwa mgeni. Kunguni tuliwajua kwa harufu yao na kwa madoa waliyoacha kwenye shuka. Vijana wa leo wakiumwa na mbu mmoja tu, watasimulia wiki nzima.

Baba, aliyekuwa akiuza leso Biashara Street, alinunua dawa ya kupuliza. Mara ya kwanza tuliwafagia kunguni wafu kwa kizoleo, tukacheka. Baada ya muda wakarudi. Akapuliza dawa ileile, wakafa nusu. Mara ya tatu walitembea juu ya dawa kama watu wanaopunga upepo ufukweni Mama Ngina.

"Washaizoea," Baba alisema. Akaamua kichomwe kitanda cha Nyanya, mama yake, kwa sababu miguu ya kitanda ya kuchonga ilijaa nyufa walimojificha kunguni. Nyanya aliwazalia watoto wake wote kitandani hapo. Hakupandisha sauti.

"Mukikitia moto, nami nitieni," alisema, akakikalia. Niliogopa, kwani Baba hakuwa mtu wa kutishia tu, na ugumu huo aliurithi kwa Nyanya.

Aliyeingilia kati ni dada yangu Rukia, aliyekuwa akisoma bayolojia kidato cha tatu.

"Baba, kunguni hawakuzoea kitu," alisema. "Hawalingani tangu kuzaliwa. Wengi dawa yawaua, wachache haiwaui. Wanyonge washakufa. Walosalia ndio wanaozaa, na wana wao wafuata wazazi. Kila ukipuliza, wawachagua wagumu."

"Na hao wagumu wametoka wapi, na mwanzo walikufa wote?"

Rukia akaonyesha rundo la magodoro ukumbini. Mtaani kwetu, kukiwa na arusi au matanga, nyumba zote ziliazimana magodoro ya kulaza wageni. Na kila nyumba ilipuliza dawa ileile. Kunguni walionusurika kwa jirani tuliwabeba wenyewe kichwani, ndani ya magodoro, tukawaleta waoane na wetu.

"Maji ya moto hayachagui," Rukia alimaliza. "Yaua wote."

Baba akaitisha sufuria kubwa ya kupikia pilau. Tulikifungua kitanda ubao kwa ubao uani, tukakimwagia maji yanayotokota, tukakianika juani pamoja na magodoro, tukarudia tena na tena mpaka kunguni wakaisha. Nyanya alisimamia kazi yote akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akitukemea. Alilala kwenye kitanda hicho mpaka alipofariki, na nilifurahi kwamba alipata alichotaka.

Leo ninakaa kwenye ghorofa, wala hakuna anayejikuna. Arusi ni za ukumbi wa kukodi, wageni hulala hotelini. Wanangu wananiuliza kwa nini tulikubali kuazimana vitu vyenye wadudu. Nimewaeleza, lakini sioni kama wameelewa. Jirani yangu wa mlango wa pili nina miaka naye, na mpaka sasa sijui jina lake.