Aliyepita Kwenye Shuka Jeupe

Harufu ya nta ikinikuta popote, hata ikiwa ya mshumaa uliozimwa tu, nyayo zangu huanza kuwasha. Nimeishi miji mingi, nimefanya kazi za kila namna, na sijapata kukaa mahali nikazoea jogoo wa jirani. Lakini harufu hiyo hunirudisha kwenye asubuhi moja tu, asubuhi ya Alhamisi, nilipotoka kwetu Goweko na viazi vitatu vya kuchemsha, bila mpango wowote, nimevaa koti la baba yangu lililonifika kwenye ugoko. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nakwenda Tabora kumchukua Baba, na ilinipasa nimfikishe nyumbani kabla ya Jumapili.

Msinicheke bado. Ngojeni niwaeleze.

Baba aliitwa Kasanda, na alikuwa mrina asali. Nilipokuwa na miaka minne alijiunga na Keya, jeshi la Waingereza, akaenda vitani, huko Burma. Alipoagana na Mama alilitundika koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango akasema, "Keya watanipa la kwao." Baadaye ilikuja barua kwamba haonekani. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na viatu vya ngozi na maneno mengi, yeye hakurudi. Mwisho serikali ikaandika kwamba ahesabiwe miongoni mwa waliokufa. Ahesabiwe! Hakuna kaburi, hakuna aliyemzika. Koti likabaki msumarini, likila moshi wa jikoni mwaka baada ya mwaka hadi likawa jeusi kama chungu.

Kisha akaja Petro seremala, mgane asiye na makuu. Alikuja kututengenezea mlango, akaomba maji ya kunywa. Wiki iliyofuata akaja kuutazama kama umekaa vizuri, akaomba maji tena. Shangazi yangu, dada yake Baba, akasema mlango ule umeugua ugonjwa gani hata utazamwe kila wiki. Mama akacheka, na kwa kuwa sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi, nilimchukia Petro kwa kicheko kile.

Kwetu ndoa haikufungwa kimyakimya. Katekista aliyasoma majina ya wachumba kanisani Jumapili tatu mfululizo, na kila mara alimalizia kwa kusema: mwenye kujua kizuizi, aseme. Halafu alinyamaza, akatutazama juu ya miwani yake, tukasikia hata nzi. Majina ya Mama na Petro yalikuwa yamekwisha kusomwa mara mbili. Ilibaki Jumapili moja.

Jumatano ya wiki hiyo likaja gari la sinema.

Lilisimama karibu na stesheni. Wakafunga shuka jeupe kati ya milingoti miwili, mashine yao ikaanza kunguruma na kutoa harufu ya petroli, na jua lilipozama tulikuwa tumekwisha kukaa chini, kijiji kizima. Mama alikuwa kando yangu, Petro nyuma kidogo kwa adabu. Kwanza walituonyesha nzi mkubwa kama ng'ombe akitembea juu ya ugali. Watoto wakalia, wazee wakacheka. Kisha mkalimani akasema kwenye kipaza sauti chake, "Sasa tazameni mji wa Tabora. Tazameni barabara zilivyo safi. Watu wanakwenda kwenye shughuli zao."

Wanakwenda. Ndivyo alivyosema.

Tukaona barabara ya vumbi, mti mkubwa, baiskeli, wanawake na vikapu vyao, mbuzi aliyesimama akatutazama kama anayetudai jibu. Upande mmoja kulikuwa na baraza ya fundi cherehani yenye nguzo tatu, moja imeinama. Kwenye baraza hiyo akatoka mtu mwenye koti jepesi la rangi nyeupenyeupe. Mkono mmoja ameupeleka nyuma ya mgongo, umeshika kiwiko cha mkono wa pili. Mwendo huo niliujua. Mama alikuwa akiniigizia nilipokuwa mdogo, nikimuuliza Baba alitembeaje. Yule mtu akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono yote miwili, akazunguka mzimamzima kama jogoo anayejipenda, akacheka akitutazama usoni. Halafu akatembea, akafika ukingoni mwa shuka, akaishia.

"Kasanda!" Shangazi alipiga yowe. "Ndugu yangu! Ndugu yangu yu hai, yuko Tabora!"

Watu wakasimama. "Rudisha! Rudisha!" Nikamgeukia Mama. Alisema neno moja, kwa sauti ya chini sana: "Ile ni picha tu, Kabula." Kisha akainuka akajitanda kanga yake na kuondoka. Nilimtafuta Petro kwa macho, naye alikuwa hayupo.

Picha ikarudishwa. Nikamwona tena akicheka na kuishia. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumhukumu mama yangu. Amemwona mumewe, nilisema moyoni, na anamkana mbele za watu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, hana taa, uso wake ameuzamisha kwenye koti lile msumarini. Hakugeuka. Nikajua anaona haya. Ndivyo nilivyojua.

Alfajiri nikalitungua koti, maana ulikuwa mwezi wa baridi, nikatoka. Nilipita kwanza kwa katekista. Alikuwa uani akipiga mswaki kwa kijiti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona na mapema?"

"Jumapili usisome majina. Baba yu hai. Nakwenda kumleta."

Akatoa kijiti mdomoni. "Kabula, hilo si neno la mchezo. Nikishaambiwa kuna kizuizi, siwezi kujifanya kiziwi. Likishatoka kinywani mwako, nitangoja mpaka wewe mwenyewe uliondoe. Na kama ni uongo, mama yako atakuwa amefedheheka mbele ya kanisa zima."

"Nimelisema," nikajibu.

Nikafuata reli. Wazee walisema njia ya wapagazi ilipita humohumo, na babu mzaa baba alikuwa akituambia jinsi baba yake alivyobeba pembe hadi pwani akarudi na shanga na mguu mbovu. "Mwenda bure si mkaa bure," alikuwa akisema, "huenda akaokota." Mimi sikwenda bure. Nilikwenda nikihesabu mataruma ya reli hadi hesabu ikaniishia, nikaanza upya. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, na kila kilichokanyaga majani makavu, hata mjusi, kilikuwa simba. Mara mbili nilijilaza mtaroni gari la mafundi wa reli lilipopita, nikiogopa nitarudishwa. Jioni mke wa mfanyakazi mmoja wa reli alinipa uji na pa kulala. Aliponiuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa baba yangu, fundi wa Tabora mwenye nyumba ya bati. Uongo ulitoka mzima, bila kigugumizi. Usingizi ndio haukuja. Nilikuwa nawaza: na akikataa kurudi? Na kama ana mke mwingine, ana mtoto mwingine wa kike?

Niliingia Tabora Ijumaa, jua limekwisha kuanza kushuka. Malengelenge ya nyayoni yalikuwa yamepasuka. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wasiosalimiana.

"Tazameni, koti linatembea!" watoto wa mjini wakanipigia kelele. "Limesahau mwenyewe!"

Nilitafuta barabara yangu. Nilitafuta mti mkubwa na baraza ya nguzo tatu. Miti mikubwa ilikuwa tele, baraza zilikuwa tele, na kila mtu aliyetembea na mkono nyuma nilimkimbilia hadi nikauona uso wake. Mmoja alinifukuza akidhani mwizi. Nilikwenda hadi mtaa wa Kitete, nikarudi, nikazunguka ule wa Chemchem mara mbili. Jua lilikuwa limefika kwenye mapaa. Jumapili ilikuwa inakuja mbio na mimi sina Baba.

Niliketi kwenye kisiki kipana kando ya barabara ili nisilie nikiwa nimesimama. Nilipoinua macho nikaona nguzo tatu, moja imeinama.

Nilikuwa nimeukalia ule mti.

Barazani alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya vito, anagombana na cherehani yake. Aliiita majina ambayo sitayaandika. Kando yake binti yake, Tatu, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akikata kitambaa na kumcheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni kupunguza hilo koti, mimi sina mkasi wa kukata msitu."

"Namtafuta baba yangu. Huwa anapita hapa. Juzi alitoka kwenye baraza hii."

"Juzi? Juzi hapa ametoka mbuzi wa jirani na kanzu ya mteja mdomoni. Baba yako ndiye huyo?"

"Baba, muache," Tatu akasema. "Mtoto anavuja damu miguuni."

Nikawaeleza yote: gari, shuka, mtu aliyenyoosha mikono akacheka. Nilipofika hapo mzee aliacha kanyagio la cherehani. Alinitazama, lakini si usoni. Akaniita karibu kwa kidole. Akashika ukosi wa koti na kuupindua. Chini ya ukosi, mahali ambapo moshi haukupata kufika, kitambaa kilikuwa cheupecheupe kama unga wa mtama. Akatia mkono kwenye mfuko wa kulia, mkono ukazama hadi kiwiko.

"Mfuko wa chupa ya asali," akasema polepole. "Nilimwambia koti litapinda upande. Akasema, wewe shona, fundi, asali ndiyo iliyolinunua." Akanusa vidole vyake. "Bado linanuka nta."

"Wazungu walikuja na mashine yao ya picha, wakaisimamisha palepale ulipo. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwao nikishangaa. Baba yako alikuwa amekuja kulichukua koti siku hiyohiyo. Nikamwambia kwa mbali, nyoosha mikono, geuka, nione mabega. Ndiyo akageuka. Alikuwa ananicheka mimi."

"Lini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Kabla ya vita, mwanangu. Huyu Tatu alikuwa hajavunja ungo. Mti ulikuwa umesimama."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la huruma au la ufundi tu. Alinisogeza barabarani, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Nyoosha mikono," akasema. "Geuka. Nione."

Nikanyoosha mikono. Mikono ya koti ilining'inia kupita vidole vyangu. Nikageuka taratibu katikati ya barabara ya Tabora, watu wakinipita, na harufu ya nta ikanipanda puani. Siku mbili nzima nilikuwa nikimtafuta mtu aliyevaa koti lile, na koti nimelivaa mimi. Hapo ndipo nilipolia.

Lakini kulikuwa na Jumapili. Nililikumbuka neno langu kwa katekista, nikamweleza Tatu kwa kwikwi. Tatu akasema gadi wa treni ya kesho ya kwenda pwani ni mteja wao, atapita Goweko kabla ya jioni. "Anaweza kupeleka barua, hata kukuchukua wewe." Nikatazama miguu yangu, nikauwaza uso wa Mama. Nikasema barua itatosha.

Shule niliiacha baadaye kidogo, sikuwa mwanafunzi wa kusifiwa, lakini kuandika nilijua. Tatu alinipa kipande cha karatasi ya kufungia vitambaa. Nikaandika kwamba niko salama kwa fundi aliyeshona koti la Baba. Kisha nikakaa muda mrefu na penseli mkononi. Kuna maneno ambayo mtoto akiyaandika huwa amezika mtu. Mwishoni nikaandika: *Mwalimu, soma majina. Hakuna kizuizi.*

Yakasomwa. Mama aliolewa na Petro, na mlango ule haukuharibika tena.

Miaka mingi baadaye, nilipopita Goweko katika kuzurura kwangu, nilimwuliza kwa nini aliondoka usiku ule kabla picha haijarudishwa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Koti nililitambua palepale," akasema. "Lilikuwa jipya. Nikajua ni zamani." Akapuliza makapi. "Nilikwisha kumwona akiondoka mara moja, mwanangu. Ukingoni pale alipoishia ikawa mara ya pili. Ya tatu ningeitolea wapi nguvu?"

Mimi nilidhani amemkana. Kumbe kati ya watu wote waliokuwa mbele ya lile shuka, ni yeye peke yake aliyemwona.

Jioni ile ya Ijumaa sikuyajua hayo. Tatu aliniosha miguu kwa maji ya chumvi, nikang'ata mkono wa koti nisipige kelele. Akanitandikia mkeka chumba cha nyuma, kati ya marobota ya vitambaa, akaniuliza kama nahitaji shuka la kujifunika.

Nikamwambia hapana, ninalo koti.