Siku Niliyojifunga Ndagala Kiunoni Kwenda Madrid

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimekimbia vita mara mbili, nimekaa kambini Kigoma miaka kumi na tatu, nimeingia Texas na shati moja na mfuko wa plastiki wa makaratasi, nikabeba maboksi kwenye maghala ya watu mpaka nikafungua biashara yangu mwenyewe ya paleti (zile mbao za kupangia bidhaa, nanunua zilizovunjika, nazitengeneza, nawauzia walewale waliozitupa), na yote hayo kwa elimu ya darasa la tano. Kwa hiyo nilikuwa natangaza wazi, hata nje ya kanisa baada ya misa, kwamba hapa duniani hakuna kitu kilichobaki cha kunishangaza. Nilitangaza hivyo mpaka mwezi wa pili mwaka 2018. Kilichotokea siku ile naona aibu kukisema, lakini watu wa Lewisville, mji ninaokaa hapa Texas, wanakisimulia vibaya, wengine wanaongeza, basi afadhali nikiseme mwenyewe. Mpaka leo nikiingia ukumbi wa parokia lazima kuna mtu ataanza kuvua koti polepole huku ananitazama.

Mambo yalianza vizuri. Mke wangu Consolata alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli mwaka wa tisa, vyumba kumi na sita kwa siku, na tulipokaribia kutimiza miaka ishirini ya ndoa nikamuuliza anataka zawadi gani (nilikuwa tayari kwa friji, hata gari), akasema, "Nataka kulala hotelini usiku mmoja, kwenye kitanda alichotandika mtu mwingine."

Basi, hicho tu. Mwanamume mwingine angempeleka hapo barabarani, maili tatu, kazi ikaisha. Mimi si mwanamume mwingine. Nikamwambia, "Usiku mmoja wa nini? Nakupa siku tatu, tena Ulaya."

"Ulaya ipi?"

"Hispania. Madrid."

Kwa nini Hispania? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kwenye simu. Nilikesha na ile simu wiki mbili nikipanga kila kitu mwenyewe, sikumpa mtu yeyote hela ya kunipangia. Tiketi mia nne kumi na mbili kila mmoja, kwenda na kurudi. Chumba karibu na stesheni ya treni, sitini na mbili kwa siku. Chakula na nauli za mjini mia mbili hamsini, maana tungekula mkate na kutembea kwa miguu, na miguu tunayo. Jumla dola elfu moja mia mbili na sitini, watu wawili. Jumapili iliyofuata niliisema ile jumla mbele ya kanisa kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maegesho.

Njeri, nesi Mkenya anayekaa Richardson na anayeimba nasi kwaya, akaniomba aione ile tiketi. Akaisoma, akanirudishia simu. "Baba Divine, hii ni ile ya chini kabisa. Haina bag. Kila mtu anaingia na kamkoba ka chini ya kiti, basi. Lipia bag moja, hutajuta."

Nikacheka. Mimi napakia trela la futi hamsini na tatu mpaka mende anakosa pa kupita, halafu mtu aniuzie nafasi ya sanduku kwa dola sabini na tano? Nikamwambia, "Njeri dada yangu, kupakia niachie mimi."

Hapo ndipo Mama Goreti, kiongozi wetu wa kwaya, aliposogea. Ana mdogo wake Madrid, miaka sita hawajaonana. "Baba Divine, nina ndagala kidogo tu, kilo mbili, zimetoka nyumbani Rumonge. Utamfikishia?" (Ndagala ni dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wa kwetu Burundi.)

Sasa, kama hujakaa na sisi, nikwambie jambo moja. Kwetu mtu anayesafiri si wa mke wake, ni wa watu wote. Huwezi kumwambia mtu huna nafasi, ataelewa kuwa huna nafasi naye. Lakini ningeweza kumjibu yeye peke yake, taratibu, pembeni. Badala yake nikapaza sauti nikasema, "Leteni."

Leteni. Watu kama sabini walikuwa wamesimama pale.

Mpaka Jumatano usiku sebule yangu ilikuwa na ndagala za Mama Goreti, vitenge vipande kumi na viwili vya akina mama wa Madrid, gauni la ubatizo la mtoto nisiyemjua, sweta mbili za mzee fulani anayesikia baridi, na chupa nne kubwa za vitamini (hizo za Njeri huyohuyo, za binamu yake, na wala hakuona haya). Shemeji Desire, kaka yake Consolata anayekaa Stafford kule Houston, aliendesha gari kwa saa nne na nusu kuleta suti ya mpwa wao aliyekuwa anafunga ndoa Madrid mwezi uliofuata. Akanikabidhi ikiwa kwenye hanga.

"Shemeji, hii isikunjwe. Ikikunjwa harusi imeharibika."

"Haitakunjwa," nikasema. "Nitaivaa."

Na nilipolisema hilo, akili ikafunguka. Ndege inapima mkoba. Nani anapima mtu?

Consolata alikuwa amekaa kwenye kochi na mkoba wake mdogo, ndani ana gauni moja, nguo ya kulalia na kandambili. Nikamwomba nusu ya nafasi yake. Akaufunga zipu. "Baba Divine, mimi naenda kulala. Wewe unaenda kuhamisha soko. Na ukivaa hivyo, kule uwanjani mimi sikujui."

Alhamisi nilivaa. Suruali tatu. Mashati manne. Sweta za mzee, zote mbili. Suti yangu, juu yake suti ya mpwa (tuseme ni kijana mkubwa, Mungu kamjalia), juu yake koti langu la baridi ambalo nilishona mifuko ndani kwa ajili ya vitamini. Vitenge vikajaza mkoba. Zikabaki ndagala, na hapo ndipo fundi anapoonekana. Nilizisambaza kwenye mifuko bapa, nikazipanga kuzunguka kiuno, nikachukua lile bunda la plastiki laini tunalofungia paleti zisimwagike barabarani, nikajizungusha mara thelathini. Mimi nikifunga kitu hakifunguki. Hilo ndilo jambo ninalojulikana nalo kaunti yetu nzima ya Denton.

Joto la siku ile, mwezi wa pili, lilikuwa la watu kuvaa kaptula. Ndivyo Texas ilivyo. Mpaka tunafika uwanja wa ndege jasho lilikuwa linanitiririka viatuni, na ndagala zikaanza kupata joto, na ndagala zikipata joto hazikai kimya.

Na kwaya ilikuja yote. Usidhani ni watu wanne. Magari saba, watu kama thelathini, sare zao za bluu, chai kwenye thermos, maandazi, na padri akatuma baraka kwa simu. Waliimba kutoka mlangoni mpaka kwenye ile kamba ambapo wasindikizaji hawapiti, wazungu wakawa wanatupiga picha, nami nikapunga mkono kama rais, ingawa mkono wenyewe ulikuwa haupandi juu ya bega.

Consolata akapita mbele. Viatu, mkoba, mashine, kwisha. Dakika mbili.

Ikawa zamu yangu. Ofisa mmoja mtu mzima, mpole sana (sina la kumlaumu), akaniambia nivue koti. Nikavua, likalia kama duka la dawa. Akasema, "Vua koti." Nikamwambia nimevua. "Na hilo." Nikavua suti ya mpwa, nikaikunja kwa heshima. "Na hilo." Nikavua yangu. Nyuma ya kamba kwaya ikaacha kuimba, ikasogea kutazama. Nilipofika sweta ya pili nikasikia sauti ya Njeri, "Ai, Baba Divine, kwani wewe ni kitunguu?" na hapo ndipo walipoanza kuhesabu, sauti nne kama walivyofundishwa, soprano hadi besi: tano, sita, saba. Trei zikafika tisa.

Nikabaki na shati moja na suruali zangu tatu, nikaingia kwenye mashine ya kunyanyua mikono. Kwenye kioo mwili wangu ulionekana safi, isipokuwa kiuno, kiuno chote kilikuwa cha njano.

Ofisa akanigusa ubavuni. Plastiki ikalia.

"Bwana, hapa kuna nini?"

"Samaki."

"Samaki?"

"Wadogo," nikasema, nikidhani hilo litasaidia.

"Wangapi?"

Mimi ni mtu mkweli. "Sijawahesabu."

Wakaja wengine watatu. Wakanipeleka chumba cha pembeni, na hapo ujuzi wangu ukanigeukia, maana ile plastiki haikufunguka. Alijaribu mmoja, akajaribu mwingine, mkasi wa kwanza ukateleza, wakaenda kutafuta wa pili. Nikataka kuwaelekeza lakini wakaniambia nisiguse. Dakika arobaini nilisimama nimenyanyua shati, nikifunguliwa kama mzigo uliofika na kasoro, huku kila tabaka linalotoka harufu inaongezeka, mpaka mmoja akaomba ruhusa akatoka.

Consolata akaja mpaka mlangoni. Viatu vyake ameshavaa. Mwanamke huyu hajawahi kupanda ndege peke yake, na mimi siku zote ndiye niliyekuwa nasema Kiingereza cha nyumba. Akamgeukia yule ofisa mpole akamuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, ambacho sijui alikuwa amekiweka wapi miaka yote, kwamba mume wake atamaliza saa ngapi, na kama amefanya kosa. Ofisa akamwambia kosa hakuna, samaki si kosa, ila lazima wamalize, na hawezi kuahidi muda. Lango la ndege lilikuwa linafungwa baada ya dakika kumi.

Consolata akanitazama. Akatazama plastiki. Mzunguko kama wa kumi na tano, tulikuwa nusu njia.

"Miaka tisa nimetandika," akasema. "Baba Divine, kitanda changu kiko tayari."

"Nenda," nikasema. Nadhani nilisema. Alikuwa ameshageuka, na alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Waliponiachia, ndege ilikuwa imeondoka. Nikatoka kwa mlango uleule, shati limelowa, nguo zote mikononi, ndagala kwenye mfuko wa taka unaoonyesha vilivyomo. Kwaya walikuwa bado pale wanamalizia chai. Shemeji Desire akasimama, andazi mkononi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Shemeji, umesharudi? Kumbe Ulaya ni hapo tu."

Mama Goreti hakucheka. Alichungulia mfuko akauliza kama zimevunjika.

Kumbe usipopanda ndege ya kwenda, hata tiketi ya kurudi imekufa. Nilinunua nyingine upya kwa siku iliyofuata. Ijumaa nikasafiri na shati moja na masanduku mawili niliyoyalipia, nimekaa kwenye kiti cha katikati. Jumamosi asubuhi Consolata alinifungulia mlango wa chumba akiwa na kandambili zake, uso umenawiri kama wa mtu aliyetoka hospitali kupona. Alikuwa amelala kwa saa kumi na moja mfululizo. Alipoamka akakuta mikono yake imeshatandika kitanda yenyewe, kona zimekunjwa kitaalamu, msafishaji akaingia akaduwaa, akamwita mwenzake aje aone. Hawakuelewana lugha hata neno moja, lakini walikivuruga kile kitanda wakakitandika tena wote watatu, wakicheka, kila mmoja akionyesha kona yake. Halafu wakamlazimisha alale tena.

"Masanduku yaache nje," akaniambia. "Chumba changu kinanukia vizuri."

Mdogo wake Mama Goreti alikuja kuchukua ndagala, akalia kwa furaha, suti ikafika bila kukunjwa sana, na kabla hajaondoka akatoa debe la mafuta ya zeituni, lita tano. "Mpelekee dada."

Consolata akanitazama. Nikafungua mdomo kusema hapana, nikasikia mdomo unasema, "Lete." Lakini safari hii nililipia sanduku bila kubishana na mtu, na nimeapa kwamba mwili wangu hautabeba tena kitu ambacho sikuzaliwa nacho, isipokuwa nguo za siku moja.

Watu bado wananiuliza Ulaya kwa watu wawili ni bei gani. Ile hesabu ya mbele ya kanisa nimeiacha. Nawaambia iliyo kamili, na masanduku ndani yake: dola elfu mbili mia nane na moja, na senti sitini.