Nani Amejiunga na Hotspoti Yangu?

Jamani, leo nimemwita mtu mwizi, na mtu mwenyewe alikuwa ananisikia.

Niko nyumbani hapa Newala, nimeunganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu, natuma maombi ya kazi ya ualimu.
Mwisho leo saa kumi. Faili haliendi.

Natazama simu: waliounganishwa ni wawili.
Mimi na nani?

Nachungulia dirishani. Jirani yangu Mama Zuhura yuko nje, ameinamia simu.
Ahaa!

“Mama Zuhura, toka kwenye intaneti yangu!”
Akainua simu yake juu. Kitochi, hata intaneti hakina.

Nikarudi ndani nafoka, “Huyu mwizi hana haya!”

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Ni mama mkwe, aliyefika jana kutoka Lulindi. Simu mkononi, kwaya inaimba.

“Mwanangu, mumeo ndiye aliyeniunganishia. Kumbe ni wizi?”

Nikakosa pa kuweka uso. “Mama, nisamehe.”
Akazima simu, akaelekea uani.

Maombi yameenda, zikiwa zimebaki dakika tatu.

Lakini sasa hivi mama mkwe na Mama Zuhura wamekaa pamoja uani, wanaongea. Nikipita tu, wananyamaza.

Ingekuwa wewe, ungeanza kumwomba radhi nani?