Vichaka vya Bwawani

Nikisikia harufu ya majani yaliyooza majini, hata hapa sokoni Old Town, miguu inaniwasha kuondoka.

Mama alizaliwa kando ya ziwa, Uvira. Kwao, palipoota kichaka, maji hayafiki. Basi, karibu na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alilima maharagwe nyuma ya vichaka vya bwawa.

Jirani, mama wa Kimalawi, alimwonya: “Amayi, hivi vimeota kwa sababu ya ukame tu. Maji yatarudi.”

“Miti iko na mizizi,” mama akajibu. “Maji haiwezi fika.” Jioni akafungua mabunda, akatundika nguo zetu ukutani, mara ya kwanza tangu tukimbie.

Mvua zikaja. Tulikuta vichaka vimezama, ncha tu zikitikisika, maharagwe hayaonekani.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akaanza kutungua nguo ukutani na kuzikunja.