Debe la maji la mama mkwe wangu, stesheni ya Voi

Wakuu, hamjambo? Bibi yenu nakaribia tisini, mjukuu ndiye anachapa. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sitii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa emergency, mkoloni akiwakamata watu kwa ajili ya Mau Mau. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu huko Chawia, milimani Taita.

Mama mkwe wangu, Mama Mkamburi, alikuwa mkali. Hata kuku walimheshimu.

Siku za soko tulishuka Voi kuuza mboga kando ya stesheni, na debe la maji ya kuzinyunyizia. Jua la Voi mnalijua.

Siku hiyo treni ya mahabusu ikasimama. Wanaume wamejazana nyuma ya madirisha ya wavu, wanapelekwa kambini. Neno lao lilikuwa moja tu, "Maji."

Mama akabeba debe. Nikamshika leso, maana kumsaidia mahabusu ilikuwa kufungwa na wewe.

"Mama, wacha! Hii ni mambo ya serikali. Dhuluma imejaa dunia nzima, utaimaliza?"

"Dunia sijaulizwa," akasema. "Nimeulizwa maji."

Kata ya kuchotea haikupita kwenye wavu. Akavunja bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, akalipenyeza, ncha ya huku ikiwa ndani ya kata. Mtu akafyonza upande wa pili, macho ameyafumba.

Askari akaja mbio na rungu. Kijana wa kwetu milimani. Nikajua tumekwisha.

Mama akamnyooshea kata. "Kunywa, mwanangu. Umeshinda juani."

Akanywa. Kiu haina sare.

Sasa kwa wasio Wataita: kwetu mashamba yalinyweshwa kwa mfereji, kwa zamu. Ukishanywesha lako, humzibii aliye chini yako. Aliyeziba hata salamu alinyimwa.

"Umekunywa," Mama akamwambia polepole. "Sasa utamzibia wa chini?"

Kijana akamwangalia, akaliangalia rungu. Kisha akatugeuzia mgongo, akawa anatazama injini utadhani hajawahi kuona injini.

Weh! Wanawake wote wa soko wakaja na madebe na mabua. Woga ulikuwa umeshanitoka. Hadi leo nywele zinanisimama.

Mboga zetu zilinyauka zote. Tulipanda nazo mlima, tukazila wenyewe, na Mama hakulalamika hata kidogo.

Nilichojifunza ni hiki: ukisikia watu wanaonewa, hata mbali huko, usianze kupima ukubwa wa dunia. Jiulize kama wewe umeshakunywa.

Haya, wakuu, comment zenu nasomewa zote. Wa chini yako ni nani, na umemwachia maji?