Ng'ombe Bila Nundu

Kazi yangu ni kucheza na watoto, tena nalipwa mshahara, na kwa sababu hiyo nusu ya majirani zangu hapa Kalangalala hawaniheshimu. Wanaona mlango unafunguliwa asubuhi, watoto wanaingia, ndani kuna sanduku la mchanga, midoli, rangi na udongo wa mfinyanzi, na mimi na umri wangu huu nimekaa mkekani. Jirani mmoja muuza mitumba aliniuliza kama na yeye anaweza kuajiriwa, maana kucheza anajua tangu utotoni. Nilimjibu kwamba nafasi ya kuchekwa imeshajaa.

Wenyewe tunaiita tiba ya michezo. Mtu mzima akielemewa na jambo, atamtafuta rafiki yake amweleze. Mtoto mdogo hana maneno hayo, ana mdoli. Mpe mahali salama, usimwingilie, atakuonyesha kinachomsumbua. Hiyo ya kutomwingilia ndiyo kanuni kubwa, na kwangu mimi niliyezaliwa na mdomo, ni adhabu ya kila siku.

Bibi mmoja alikuja kutoka Ushetu na mjukuu wake wa kike, bado hajaanza darasa la kwanza. Mtoto alikuwa ameacha kusema. Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo, na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likamporomokea. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani. Alipouliza, aliambiwa kama wanavyoambiwa watoto wengi huku kwetu: baba amesafiri, dhahabu imetoka Chunya, amewahi huko. Aliuliza tena, akapewa jibu lile lile. Baada ya hapo hakuuliza wala hakusema kitu.

"Alikuwa anacheka kama baba yake, kabisa," bibi aliniambia nje ya mlango, kwa sauti ya chini. "Mwanangu sitamsikia tena. Na kicheko chake nacho kipotee?"

Nilitamani kumwahidi kitu. Nikamfungulia mtoto mlango.

Mtoto aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye mchanga, akachukua mdoli wa kiume, akamfukia, akasawazisha juu kwa kiganja. Kisha akakaa. Walipokuja tena, alifanya hivyo hivyo. Na tena. Mimi nimeng'ata ulimi, na bibi yuko kwenye kiti karibu na mlango anazidi kukunja uso.

"Mwalimu, nimetoka Ushetu kote huko kuja kumwangalia mtoto anachezea mchanga? Mchanga kwetu tunao!"

"Vumilia, bibi. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe nitazila kwa meno gani?"

Akaanza kupekua vitu vyangu, kwa hasira tu. Akaibuka na ng'ombe wa plastiki mwenye mabaka meusi na meupe, akamgeuza huku na huku.

"Hiki nini?"

"Ng'ombe, bibi."

"Ng'ombe gani hana nundu? Huyu anaumwa."

Nilimtetea ng'ombe wangu, nikasema ni wa kizungu, ana maziwa mengi. Msukuma mfugaji kama bibi humwambii hivyo. Bibi alivua kandambili, akashuka mkekani, akajimegea udongo na kuanza kufinyanga, huku akimnung'unikia yule wa plastiki. Ikatoka pembe, ikatoka nundu ya kujivunia. Mtoto aliacha mchanga, akaja kusimama begani kwake. Naye akamega donge, akafinyanga ndama.

Bibi alikuwa ameshanogewa. Akamswaga ng'ombe wake mpaka kwenye mchanga, akamsemea: "Moo! Mchungaji wangu yuko wapi? Nani atanipeleka majini?"

Mtoto akaweka kidole pale alipofukia.

"Yuko humu. Hayuko Chunya."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa siku nyingi. Bibi alinitazama mimi. Mimi nikautazama mkeka, kwa sababu jibu halikuwa langu.

"Hayuko Chunya, mayu," bibi akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Baba yako amekufa. Tulimzika. Nilikudanganya, niliogopa utaumia."

"Wote waliweka udongo," mtoto akasema. "Mimi sikuweka."

Alikuwa amejua siku zote. Watu wazima tunaongea juu ya vichwa vya watoto tukidhani masikio yao yako kwingine. Kilichomkaa kooni ni kile kiganja kimoja cha udongo alichonyimwa.

Bibi alifungua kitambaa chake cha kichwani. Wakamfukua mdoli, wakamfunga nacho vizuri kama sanda, wakamlaza tena. Mtoto akachota mchanga, akaumwaga polepole, na bibi akafuata. Walilia wote wawili kwa sauti, na mimi niliyefundishwa kutulia nililia kuliko wao.

Baadaye mtoto alimchukua ng'ombe na ndama, akawapanga juu ya kaburi ili wakae na baba. Bibi alijifuta macho kwa kiganja chenye udongo, akainama kukagua mifugo. Mazoea hayana dawa.

"Na huyu ndama wako naye hana nundu."

"Bado mdogo, bibi. Itaota," mtoto akasema, na uso wa bibi uliochafuka udongo ukamchekesha.

Bibi akamshika mkono.

"Rudia," akasema. "Cheka tena, mayu."